Neema si malipo ya walionusurika

Katika ibada za shukrani za makanisa yetu ya Goma, mashariki mwa Kongo, kuna ushuhuda mmoja uliozoeleka mno, hata hatuusikilizi tena kwa makini. Mama anasimama mbele ya kusanyiko, anashika maikro, anasema Bwana asifiwe, kisha anaeleza jinsi moto wa volkano ya Nyiragongo ulivyoteremka, ukala nyumba ya jirani wa juu, ukala nyumba ya jirani wa chini, na parseli yake, yaani kiwanja chake, ukaizunguka bila kuigusa. Siku hizi simulizi limebadilika kidogo, kwa maana mahali pa lava pamekaa bomu lililoanguka ua wa pili, au risasi iliyotoboa bati na kuishia katika godoro ambalo watoto walikuwa wametoka kuliacha. Kusanyiko linapiga makofi, kwaya inaanzisha wimbo, na mama anamalizia kwa kusema kwamba ni neema tu. Mara nyingi jirani yake wa juu, yule ambaye nyumba yake iliungua, ameketi katika benchi la tatu nyuma yake, naye anapiga makofi pamoja na wengine.

Simlaumu mama huyo. Aliyetolewa katika mauti ana haki ya kushukuru kwa sauti, na Zaburi zimejaa watu waliofanya hivyo. Ninachotaka kukichambua ni fundisho linaloingia nyuma ya ushuhuda wake bila yeye kulikusudia, ambalo wahubiri wetu wengi wamelitia nguvu badala ya kulisahihisha: kwamba neema ya Mungu inaonekana kwa aliyenusurika na kwamba, kwa hiyo, dhambi inaonekana kwa aliyepatwa. Hakuna anayelitamka waziwazi namna hiyo, lakini aliyeketi benchi la tatu analisikia. Naamini kwamba fundisho hilo limepotosha namna tunavyoifahamu dhambi, limepotosha namna tunavyoipokea neema, na mwishowe limetuachia imani kwa Yesu ambayo haiwezi kustahimili hata usiku mmoja wa mabomu.

Mji wetu umelipa fundisho hili nafasi nyingi za kukua. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikapita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikala maduka na nyumba za maelfu ya familia, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likawa miongoni mwa majengo yaliyoteketea. Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoa moto tena. Safari hiyo mto wa lava ulisimama karibu na uwanja wa ndege baada ya kuteketeza makazi ya upande wa kaskazini, na siku tano baadaye watu wa kartye (mitaa) kumi waliamriwa kuhama, wakajazana katika barabara ya Sake na kwenye mpaka wa Rwanda. Kisha zikaja siku za mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji kwa mara ya pili baada ya ule mwezi wa Novemba 2012. Baada ya kila pigo kati ya hayo, mimbari nyingi zilitoa maelezo yaleyale: Goma imekuwa Sodoma, baa zimezidi makanisa, vijana wameiacha njia, na Bwana amechoka. Watu walitoka ibadani wakitikisa kichwa kwa huzuni, na kila mmoja, kwa kadiri niwezavyo kupima, alikuwa akimfikiria mtu mwingine.

Maelezo hayo yana sura ya kuichukulia dhambi kwa uzito. Nasema yanafanya kinyume. Dhambi ya mji mzima haina mwenyewe. Inatajwa kwa sauti kubwa, inalaaniwa kwa vifungu vya manabii, na hakuna mtu hata mmoja anayeondoka akijua ni kitu gani anachopaswa kukiacha Jumatatu asubuhi. Tena moto wa mwaka 2002 haukufuata ramani ya wahubiri. Lava iliyofunika maduka ndiyo iliyofunika kanisa kuu, na watoto waliopotea katika msukumano wa kukimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, hawakuwa wameingia baa yoyote.

Sura ya 13 ya Injili ya Luka inaanza na watu waliomletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato alichanganya damu yao na dhabihu zao, yaani watu waliouawa na askari wa serikali wakiwa katikati ya ibada. Yesu anaongeza mwenyewe tukio la pili, la watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Mambo hayo mawili yamewekwa pamoja kwa sababu. Moja ni ukatili wa mtawala, la pili ni ajali ambayo hakuna mkono wa mtu unaoonekana ndani yake. Kwetu tungesema moja ni vita na la pili ni volkano. Kwa yote mawili Yesu anauliza swali lilelile, kama waliokufa walikuwa wakosaji kuliko waliobaki, na kwa yote mawili anatoa jibu lilelile la neno moja: "Sivyo." Kisha anasema jambo ambalo waliouliza hawakulitarajia: "lakini msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo."

Tuangalie kwa utulivu kilichotendeka hapo. Yesu amekata kamba kati ya maafa ya mtu na ukubwa wa dhambi yake, lakini hakusema kwamba dhambi haipo. Ameiondoa juu ya maiti wa Siloamu na kuiweka mbele ya watu wazima wa afya waliosimama wakimsikiliza. Wahubiri wetu wa adhabu wanageuza mpango huo juu chini: kamba wanaiacha ilivyo, na msikilizaji anaachwa aende zake. Anayesema kwamba wenzake walipigwa kwa sababu ya uovu wao amekwisha kujihesabia haki, kwa kuwa yeye hakupigwa. Huyo hana haja ya Mwokozi. Ana haja ya kuendelea kuwa na bahati.

Najua kitakachojibiwa, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi na ndugu ninaowaheshimu. Watanikumbusha laana za Kumbukumbu la Torati 28, watanikumbusha Amosi, watanikumbusha kwamba Yesu mwenyewe alimwambia yule aliyeponywa penye birika la Bethzatha asitende dhambi tena, lisije likampata jambo lililo baya zaidi. Vifungu hivyo vipo na sitaki kuvifuta. Lakini Amosi hakukisia. Alipewa neno kabla ya pigo, akalitaja kosa lenyewe kwa jina, kwamba wanauza wahitaji kwa jozi ya viatu na kuifanya efa, kipimo cha nafaka, kuwa ndogo na shekeli, kipimo cha fedha, kuwa kubwa. Mtu wa Bethzatha aliambiwa habari zake yeye mwenyewe, uso kwa uso, na Yule aliyeujua moyo wake. Hakuna mtazamaji aliyepewa ruhusa ya kumwambia hivyo. Na katika Injili hiyohiyo ya Yohana, sura nne tu mbele, wanafunzi wanapotaka kutumia kanuni hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, wanakatazwa. Rafiki zake Ayubu walikuwa na vifungu vizuri vilevile, wakavitumia juu ya mtu aliyekaa majivuni, na mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi kwamba hawakunena yaliyo sawa.

Hakika dhambi ina matokeo. Vita yetu haikuanguka kutoka mbinguni. Imetengenezwa na tamaa ya madini na ya mamlaka, na uongo uliorudiwa kwa miaka mingi, na watu wenye majina na akaunti za benki. Lakini katika dunia hii anayetenda na anayelipia mara nyingi si mtu mmoja. Anayepanga shambulio analala mbali, na aliyekuwa akilala chini ya turubai juu ya mawe meusi ya kambi ya Mugunga, mvua ikimpitia, alikuwa mkulima kutoka Masisi ambaye hakuulizwa chochote. Kumwambia mkulima huyo kwamba anavuna alichopanda ni kusema uongo kwa jina la Mungu.

Basi dhambi iko wapi? Nitaitafuta mahali padogo. Nenda sokoni Birere au Virunga, ununue unga wa muhogo, uangalie kopo linalopimia. Makopo mengine ni mazima. Mengine kitako chake kimegongwa kwa nyundo kutoka nje hadi kikaingia ndani, hivi kwamba unga unaonekana umejaa na kufanya kilima juu, lakini chini umepungua kiganja kizima, na anayenunua, mama aliyehesabu faranga zake mara mbili kabla ya kutoka nyumbani, anabeba nyumbani chakula cha watoto wanne ilhali amelipia cha watano. Aliyeligonga kopo hilo alikaa chini, akachagua jiwe la kuegemezea, akapima kila pigo ili lisitoboke. Huenda alikuwa akiimba pambio. Ni kitendo cha dakika chache, kilichofanywa kwa akili timamu, dhidi ya jirani ambaye ni maskini kuliko yeye au sawa naye, na kitarudiwa mara nyingi kila siku ya soko bila mkono kutetemeka. Mithali inasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, nayo haikutaja volkano yoyote.

Karibu na kopo hilo liko jalada lililolala mezani kwa afisa mpaka matabishi, yaani hongo, yatoke, iko nauli ya pikipiki iliyopandishwa ghafla watu walipoamriwa kuhama Mei 2021 na mama wajawazito wakatembea kwa miguu kuelekea Sake, na yako maghala ya misaada yaliyoporwa mwishoni mwa Januari 2025. Jambo hili la mwisho tulizungumze kwa uchungu unaostahili. Mapigano yaliingia mjini Jumatatu ya tarehe 27; Jumapili iliyotangulia wengi wetu tulikuwa ibadani tukiomba ulinzi. Mji huu umejaa Wakristo kila mtaa, kwa hiyo magunia yaliyobebwa mabegani siku zile, magunia ya chakula cha watu waliohama makwao, hayawezi kuwa yalibebwa na wasioijua njia ya kanisa peke yao. Sijasikia mahubiri mengi juu ya magunia hayo. Nimesikia mengi juu ya adhabu ya mji.

Tuna pia njia nyingine ya kuikwepa dhambi, nayo ni kuipeleka kwa mapepo na laana za ukoo. Sikatai kwamba Maandiko yanazungumzia roho chafu na kwamba Yesu alizitoa. Lakini katika vyumba vingi vya maombi siku hizi ulevi una pepo lake, hasira ina pepo lake, uzinzi umerithiwa kwa babu, na mwenye dhambi anatoka hapo akiwa mgonjwa aliyetibiwa badala ya mkosaji aliyesamehewa. Na pepo lisipopatikana ndani yake, mara nyingine linatafutwa kwa kikongwe wa jirani au kwa mtoto yatima, na hapo damu isiyo na hatia imekwisha kuwa karibu. Yesu katika Marko 7 anasema kwamba uzinzi, wivi, uuaji na tamaa hutoka ndani, moyoni mwa mtu. Aliyetendwa na pepo hana cha kutubia.

Kuna kundi moja la watu ambalo limeumizwa na mkanganyiko huu kuliko wote, nami siwezi kupita haraka hapa. Ni wanawake na mabinti waliobakwa katika vita hii ya miaka karibu thelathini. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, imewapokea kwa makumi ya maelfu, na hapa Goma wengine wengi wametibiwa katika hospitali ya HEAL Africa. Madaktari wanashona mwili. Swali ambalo mwanamke huyo anarudi nalo nyumbani ni la kanisa kulijibu: nilikosa nini hata Mungu akaniacha? Pale ambapo neema imefundishwa kuwa ni kunusurika, hakuna jibu la kumpa isipokuwa kwamba labda kulikuwa na kitu. Na asipopewa jibu kwa maneno, hupewa kwa matendo, kwa maana liko kanisa linalomwondoa binti katika kwaya tumbo linapoonekana, bila kuuliza mimba imetoka wapi, na kumketisha nyuma kana kwamba ametenda lile alilotendwa.

Hapa theolojia haiwezi kuwa mchezo wa watu waliosoma. Dhambi iliyotendwa juu yako si dhambi yako. Haihitaji toba yako, na msamaha unaotangazwa msalabani haukuja kukusamehe kosa ambalo mwingine alikutenda. Anachohitaji mwanamke huyo kutoka kwa Kristo ni jambo jingine ambalo Injili inalo kwa wingi: Bwana anayemgusa aliyehesabiwa najisi na kumwita "binti" mbele ya umati, kama alivyomwita yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Mchungaji asiyeweza kutofautisha kati ya jeraha na hatia atamwomba aliyejeruhiwa atubu na kumwacha aliyejeruhi akitoa fungu la kumi.

Sasa nije kwenye neema yenyewe. Mathayo ameandika maneno ya makuhani wakuu waliosimama chini ya msalaba: "Aliokoa wengine, hawezi kujiokoa mwenyewe." Wakaongeza: "Amemtegemea Mungu, na amwokoe sasa, kama anamtaka." Wasemaji hao hawakuwa wapagani. Walikuwa viongozi wa ibada, wenye Maandiko, na walikuwa wakitumia kwa usahihi kabisa kanuni ileile tunayoitumia sisi baada ya mabomu: ambaye Mungu anamtaka, atanusurika. Kwa kanuni hiyo Yesu wa Nazareti alikuwa amekataliwa. Isaya alikuwa ameliona hilo kabla yao aliposema kwamba tulimdhania kuwa amepigwa na Mungu. Kama neema ni kutopatwa, basi Ijumaa ile haikuwa na neema hata chembe, na Ukristo wote umejengwa juu ya mtu ambaye ushuhuda wake usingekubaliwa katika ibada zetu za shukrani.

Injili inasema kwamba ni pale, kwa huyo aliyepatwa, ndipo neema ilipotokea. Paulo anawaandikia Warumi kwamba Mungu aonyesha pendo lake kwetu kwa kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Hakutungoja tujitengeneze, wala hakutupima kwanza. Zaidi ya hayo, katika sura ya 4 anasema kwamba Mungu humhesabia haki asiyekuwa haki, yule asiye na kazi ya kuonyesha, anayeamini tu. Sentensi hiyo ni ngumu kwetu kuliko tunavyokiri. Inaondoa mikononi mwa aliyenusurika sifa yoyote, kwa kuwa alichopewa hakukistahili. Inaondoa juu ya aliyeungua shutuma yoyote, kwa kuwa kilichoungua ni mbao na bati, na pendo la Kristo halikuwa ndani ya mbao na bati. Wote wawili wanasimama mahali pamoja, wadeni wasio na cha kulipa, na wote wawili wanasamehewa kwa damu moja.

Ndiyo sababu biashara ya mbegu, ile ya kutoa dola kumi ili upokee mia, haifai hata kujadiliwa kwa kirefu. Simoni mchawi alikwisha kujaribu kununua karama ya Mungu, na Petro alikwisha kumjibu katika Matendo 8 kwamba fedha yake ipotelee mbali pamoja naye. Inatosha kusema kwamba mwenye kununua neema amekusudia kuwa mteja, na mteja hadai rehema. Anadai mali yake.

Wapo watakaoogopa kwamba neema ya bure namna hiyo itawaacha wenye makopo yaliyogongwa waendelee kupima. Hofu hiyo ni ya haki, na Paulo aliisikia akiwa bado anaandika: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha. Lakini tazama mpangilio wa mambo katika nyumba ya Zakayo kule Yeriko. Yesu anajialika kwanza, kwa mtu ambaye mji mzima unanung'unika juu yake, kabla ya neno lolote la toba kusikika. Kisha, baada ya kupokelewa, mtoza ushuru huyo anasimama na kusema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Hakununua ugeni wa Yesu kwa marejesho hayo. Alirejesha kwa sababu mgeni alikuwa amekwisha kuingia. Vitisho vya Sodoma havijawahi, kwa kadiri nijuavyo, kumfanya mchuuzi hata mmoja wa Birere anyooshe kitako cha kopo lake, kwa sababu mtu anayeogopa pigo huficha kosa, na anayejua kwamba amekwisha kupendwa ndiye anayeweza kulitoa hadharani.

Linabaki jambo la kumtegemea Yesu. Mji huu umemjua mtu mmoja ambaye habari zake zinalieleza kuliko hoja zangu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akawa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, jumuiya ya Kikatoliki ya walei, akaajiriwa katika Ofisi ya Ukaguzi ya Kongo, OCC, hapa mpakani. Kazi yake ilikuwa kupima ubora wa bidhaa zinazoingia. Alipewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite viende sokoni kwa watu, akakataa. Walimshawishi, akakataa tena. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, jijini Roma. Mimi ni Mprotestanti, na kanisa langu halina desturi ya kutangaza wenye heri, lakini siku hiyo nilishukuru kwamba kanisa lolote lile limesema kwa sauti kubwa kuhusu kijana wa hapa kwetu ambaye hakunusurika.

Kwa kanuni ya ushuhuda wetu, Floribert hana la kusema. Mungu hakuzuia gari lililomchukua. Hata hivyo, hakuna aliyemtegemea Yesu kuliko yeye katika meza ile ya mpakani, ambako kuchukua bahasha kungekuwa rahisi na kungempa maisha marefu. Vijana watatu wa kitabu cha Danieli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, kisha wakaongeza maneno ambayo sisi tunapenda kuyaruka: "Bali kama si hivyo". Imani inayoishia kabla ya maneno hayo ni matumaini ya kupata faida. Imani inayoyatamka inamshika Kristo mwenyewe, na kwa hiyo haitegemei bomu litaanguka ua gani. Paulo anapouliza ni nani atakayetutenga na upendo wa Kristo, anataja dhiki, njaa, uchi, hatari na upanga, mambo yaliyokuwa yakiwapata waamini aliowaandikia na yeye pamoja nao, wala hadai kwamba waamini wataepushwa nayo.

Kunusurika basi kuna maana gani? Luka amelijibu swali hilo katika mstari unaofuata moja kwa moja habari za Siloamu, mahali ambapo wahubiri wetu hawafiki kwa sababu wameishia kwenye mnara. Mtu alikuwa na mtini usiozaa miaka mitatu, akaamuru ukatwe, na mtunza shamba akasema: "Bwana, uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Mti ulioachwa haukuachwa kwa uzuri wake. Uliombewa muda, na aliyeuombea ndiye atakayeshika jembe kuupalilia. Sisi tuliobaki baada ya 2002, 2021 na 2025 tuko katika mwaka huo wa nyongeza, na kazi ya mwaka huo ni toba.

Ningependa kuona wachungaji wetu wakiupa mwaka huo sura inayoonekana. Maombi ya kukiri dhambi yawepo katika kila ibada ya shukrani, yakitaja kipimo, jalada, nauli na gunia, kwa maneno ambayo mchuuzi na afisa watajitambua ndani yake, na tangazo la msamaha lifuate papo hapo, wazi na bila bei, ili asiwepo wa kukata tamaa. Mabaraza ya wazee yaweke njia ya siri ambayo kwayo aliyebeba chakula cha ghala anaweza kurudisha thamani yake kwa familia zilizohama bila kuaibishwa. Binti aliyeondolewa katika kwaya kwa mimba ya kubakwa aombwe radhi na kanisa lililomwondoa, mbele ya kusanyiko lilelile, kama yeye mwenyewe akikubali jambo hilo lisemwe. Na asipokubali, wazee waende nyumbani kwao wakamwombe radhi mbele ya wazazi wake.